Kutia Ukungu Kwenye Picha kwa GIMP: Mwongozo Kamili kwa Wapiga Picha wa Mtwara na Lindi

Picha iliyopigwa kwa simu katika ufukwe wa Shangani, Mtwara, mchana wa jua kali, kwa kawaida huonyesha kila kitu kwa uwazi unaolingana: uso wa mhusika, ngalawa iliyo nyuma yake, minazi iliyo mbali zaidi, hata mstari ambapo bahari inakutana na anga. Kitambuzi cha mwanga kilicho ndani ya simu ni kidogo mno na lenzi yake ina urefu mfupi wa fokasi, na mambo hayo mawili yakikutana, eneo linaloonekana wazi mbele na nyuma ya mhusika huwa refu sana. Kamera kubwa yenye lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa hadi f/1.8, yaani tundu lake la kupitisha mwanga likiwa pana, ingeyafifisha ya nyuma yenyewe. Asiye na lenzi ya namna hiyo hulazimika kuutia ukungu baadaye, akiwa mbele ya kompyuta, na hapo ndipo picha nyingi zinapoharibika, kwa kuwa anayehariri hutia ukungu mahali asipotaka macho yaangalie badala ya kuutia mahali ambapo lenzi ingeutia.

Mwongozo huu unatumia GIMP, programu huria isiyolipiwa, ambayo ikishasakinishwa haihitaji intaneti. Hilo lina uzito kwa mtu aliyeko Liwale au Nanyumbu anayepima kila megabaiti ya bando lake. Hatua zilizoelezwa hapa zinafanya kazi katika toleo la 2.10, lililotoka mwaka 2018, na pia katika toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, ingawa baadhi ya maandishi ya menyu yanaweza kutofautiana kidogo. Majina ya menyu nimeyaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini ili msomaji ayatambue anapoyatafuta.

Ukungu hufuata umbali

Lenzi haijui nani ni mhusika na nini ni takataka. Inachojua ni umbali tu. Kitu kilicho kwenye umbali uliolengwa hutoka wazi, na kila kinachozidi kuachana na umbali huo, kwa kusogea nyuma au kwa kusogea mbele, huzidi kufifia. Kutokana na kanuni hiyo moja yanatoka mambo matatu ambayo anayehariri hana budi kuyakumbuka.

La kwanza ni kwamba ardhi hufifia polepole. Mchanga ulio chini ya miguu ya mhusika uko kwenye umbali wake, hivyo lazima uwe wazi kama yeye, kisha ufifie kidogo kidogo kadiri unavyokwenda nyuma. Mtu aliyekatwa akabaki wazi huku mchanga wote unaomzunguka ukiwa ukungu mtupu huonekana kama anaelea hewani. La pili, ambalo hata wahariri wazoefu hulisahau, ni kwamba kitu kilichosimama wima kina umbali mmoja kuanzia chini hadi juu. Mnazi ulioota mita ishirini nyuma ya mhusika una ukungu uleule kwenye shina na kwenye makuti, hata kama makuti hayo yamefika juu kabisa ya picha. Anayepaka ukungu unaoongezeka kutoka chini kwenda juu ya picha nzima humfanya mnazi huo uwe na shina la karibu na kilele cha mbali, na jicho la mtazamaji hukataa ingawa yeye mwenyewe hawezi kusema kwa nini. La tatu ni kwamba vilivyo mbele ya mhusika navyo hufifia: tawi la mkorosho lililoingia kwenye kona ya picha, au kichwa cha mteja aliyesimama karibu na kamera, haviwezi kubaki wazi kama uso wa mhusika.

Maandalizi

Nakili faili la picha kabla ya kuligusa, kisha fungua nakala hiyo. Nenda kwenye "Image", halafu "Precision", uchague "16 bit integer". Sababu ni kwamba picha ya JPEG hubeba viwango 256 tu kwa kila rangi, na anga pana likitiwa ukungu mzito katika viwango hivyo huanza kuonyesha mistari ya ngazi ngazi. Kuongeza usahihi kabla ya kazi hupunguza tatizo hilo, hasa katika anga jeupe la asubuhi juu ya ghuba ya Lindi. Kompyuta yenye kumbukumbu ndogo itapunguza mwendo, na kama inakwama, hatua hii inaweza kurukwa kwa picha zisizo na anga kubwa.

Jambo jingine la kuamua mapema ni ukubwa wa mwisho wa picha. Nguvu ya ukungu hupimwa kwa pikseli, kwa hiyo namba ileile huleta matokeo tofauti kabisa katika picha za ukubwa tofauti. Ukungu wa 20 kwenye picha yenye upana wa pikseli 4000 ni wa wastani. Ukungu huohuo kwenye picha iliyopunguzwa hadi pikseli 1080 hufuta kila kitu. Namba zote nitakazotaja hapa chini ni za picha yenye pikseli 4000 kwa 3000, yaani megapikseli 12, ambayo ni kawaida kwa simu nyingi. Kama picha yako ina nusu ya upana huo, gawa namba hizo kwa mbili.

Picha ya mchongaji: hatua kwa hatua

Tuchukue mfano wa picha ambayo mtu wa Mtwara anaweza kuombwa kuitengeneza wiki yoyote. Fundi wa vinyago vya Kimakonde amekaa kwenye kigoda nje ya banda lake, mkononi ameshika kinyago cha mpingo anachokisugua kwa msasa. Ardhi ni mchanga. Mita chache nyuma yake kuna baiskeli iliyoegemezwa kwenye uzio, nyuma ya uzio kuna minazi, na nyuma ya minazi kuna paa za bati na bahari. Fundi anataka mteja aone kinyago na mikono yake, lakini bati linang'aa na kuvuta macho yote.

Hatua ya kwanza ni kupanga matabaka, yaani nakala za picha zinazolaliana moja juu ya nyingine. Katika kidirisha cha "Layers", bofya tabaka la picha, kisha bonyeza Shift+Ctrl+D mara mbili ili kupata nakala mbili juu yake. Libofye jina la kila tabaka mara mbili ulibadilishe: la chini kabisa liite "asili", la katikati "nyuma", na la juu "fundi". Tabaka la "asili" halitaguswa hadi mwisho wa kazi, na baadaye ndilo litakaloonekana pale ambapo ardhi inapaswa kubaki wazi.

Hatua ya pili ni kumtenga fundi. Chagua kifaa cha "Paths" kwa kubonyeza herufi B, uzungushe nukta kuufuata mwili wake, kigoda na kinyago, ukiweka nukta chache kwenye mistari iliyonyooka na nyingi kwenye mikunjo. Kazi hii huchosha, lakini ni bora kuliko kile kifaa cha kuchagua kwa rangi, ambacho kwenye picha kama hii kitachanganya ngozi, mpingo na kivuli cha banda kuwa kitu kimoja. Mzunguko ukikamilika, bonyeza Enter ili njia igeuke kuwa eneo lililochaguliwa. Nenda "Select", kisha "Feather", uweke 2. Kingo zitalainika kidogo, kwa kuwa hakuna ukingo wa kweli kwenye picha unaokatika kama karatasi iliyokatwa kwa wembe. Hakikisha tabaka la "fundi" ndilo lililochaguliwa, nenda "Layer", "Mask", "Add Layer Mask", uchague "Selection". Sasa tabaka hilo lina maski: sehemu nyeupe ya maski huonyesha tabaka, nyeusi huficha, na kijivu huonyesha nusu nusu. Ondoa uteuzi kwa Shift+Ctrl+A kabla ya kuendelea, la sivyo kila utakachofanya kitabaki ndani ya umbo la fundi peke yake.

Hatua ya tatu ndiyo inayotofautisha kazi safi na kazi ya haraka, na ningependa msomaji aitilie maanani kuliko nyingine zote. Chagua tabaka la "nyuma" na ufiche tabaka la "fundi" kwa kubofya alama ya jicho. Bado utamwona fundi, kwa sababu naye yumo katika nakala ya "nyuma". Ukilitia ukungu tabaka hili likiwa hivyo, rangi za mwili na nguo zake zitasambaa kwenda nje, na utakapomrudisha fundi wa juu, atazungukwa na mng'ao wa rangi kama moshi. Mng'ao huo ndio dalili ya kwanza inayomfichua mtu aliyetia ukungu kwa kompyuta. Ukungu wa "Gaussian", uliopewa jina la mwanahisabati Carl Friedrich Gauss, huchukua kila pikseli na kuichanganya na jirani zake, wa karibu wakipewa uzito mkubwa na wa mbali mdogo. Pikseli ya uzio iliyo kando ya bega la fundi haina njia ya kukwepa kuchanganyika na rangi ya shati lake.

Dawa yake ni kumfuta fundi kutoka kwenye tabaka la "nyuma" kabla ya ukungu. Chukua kifaa cha "Clone" kwa herufi C, shikilia Ctrl ubofye sehemu ya uzio iliyo wazi, kisha achilia na upake juu ya ukingo wa mwili wake. Endelea kwa kuchukua mchanga upake palipo na mchanga, majani palipo na majani. Huna haja ya kumfuta mtu mzima wala kufanya kazi ya kupendeza: mkanda wa pikseli mia moja hivi kuelekea ndani ya mwili unatosha, kwa sababu sehemu ya ndani zaidi itafunikwa na fundi wa juu, na makosa madogo ya kunakili yatapotea ndani ya ukungu. Kanuni rahisi ni kwamba mkanda huo uwe mpana angalau mara tatu ya nguvu ya ukungu utakaoutumia.

Hatua ya nne, nakili tabaka la "nyuma" ambalo sasa halina kingo za fundi. Nakala ya chini iite "kati" na ya juu iite "mbali". Kwa nini mawili? Wengi hutumia tabaka moja lenye ukungu mzito, kisha hupaka kijivu kwenye maski pale wanapotaka ukungu mdogo. Hesabu hiyo ina kasoro. Kijivu cha nusu hakileti ukungu wa nusu; huleta picha iliyo wazi ikiwa imelaliwa juu na picha yenye ukungu mzito, na mtazamaji huona mistari mikali ndani ya moshi, mithili ya kuangalia kupitia kioo kilichopumuliwa. Ili baiskeli iliyo karibu na uzio ififie kidogo na kwa ukweli, lazima iwe na ukungu wake mdogo halisi. Kwa hiyo chagua "kati", nenda "Filters", "Blur", "Gaussian Blur", uweke 6 kwenye "Size X" na "Size Y". Chagua "mbali" ufanye vivyo hivyo kwa 22. Katika toleo la 3.0 kichujio hubaki kando ya tabaka kikiwa na alama ya fx, na unaweza kukirudia baadaye na kubadilisha namba, katika 2.10 ukishakubali, njia ya kurudi ni Ctrl+Z tu.

Hatua ya tano ni kuugawa ukungu kwa umbali. Kila moja ya tabaka za "kati" na "mbali" liwekee maski nyeupe kupitia "Add Layer Mask" na "White". Bonyeza D ili rangi zirudi kuwa nyeusi na nyeupe, kisha G kwa ajili ya kifaa cha "Gradient". Bofya maski ya tabaka la "kati", siyo tabaka lenyewe, na uvute mstari kutoka kwenye miguu ya kigoda kwenda nyuma hadi karibu na magurudumu ya baiskeli. Weusi utabaki miguuni, ambapo tabaka la "asili" litaonekana likiwa wazi, na weupe utaanza huko nyuma. Kwenye maski ya "mbali" vuta mstari mwingine unaoanzia kwenye baiskeli na kuishia kwenye shina la minazi. Ardhi sasa inafifia kwa ngazi tatu zisizoonekana mipaka yake.

Hapo ndipo inapokuja kanuni ya vitu vilivyosimama. Mstari wa rangi ulioupaka hauna habari na baiskeli; umeifanya magurudumu yawe wazi na usukani uwe na ukungu mzito, kwa kuwa usukani uko juu zaidi kwenye picha. Chukua brashi kwa herufi P, bofya maski ya "mbali", na upake nyeusi juu ya baiskeli nzima pamoja na sehemu ya uzio iliyo kwenye umbali wake, ili zote zibaki na ukungu wa "kati" peke yake. Kwenye maski ya "kati" ipake nyeupe baiskeli hiyohiyo ili isirudi kuwa wazi. Minazi nayo ipake nyeupe kwenye maski ya "mbali" kuanzia shina hadi makuti. Herufi X hubadilishana nyeusi na nyeupe, na baada ya dakika chache mkono huizoea kiasi cha kutohitaji kuangalia kibodi.

Hatua ya sita, rudisha tabaka la "fundi" kwa kubofya jicho lake, bonyeza namba 1 ili kuiona picha kwa ukubwa wake halisi, na ukague ukingo wote polepole. Shati la kitambaa kizito na kinyago cha mpingo huhitaji ukingo mkali, kwa hiyo hapo rekebisha maski kwa brashi yenye ugumu wa karibu 90. Nywele fupi za kipilipili zinahitaji brashi laini ya ukubwa mdogo, ipigwe kwa nukta nukta badala ya kuburutwa, ili duara la kichwa lisionekane kama limechorwa kwa bikari. Kama mhusika angekuwa mwanamke aliyejitanda mtandio mwepesi unaopenyesha mwanga, sehemu ya mtandio inayopenyesha ingepakwa kijivu, kwa sababu hapo kweli tunaona vitu viwili kwa pamoja: kitambaa kilicho wazi na mandhari iliyofifia nyuma yake. Usisahau matundu: nafasi kati ya mkono na kiuno, kati ya miguu ya kigoda, na matundu ya kinyago chenyewe. Vinyago vya mtindo wa ujamaa, ambavyo watu huchongwa wakiwa wameshikamana na kupandana kwa nafasi nyingi katikati, vinaweza kuchukua muda mrefu kuliko picha nyingine yote, na kila tundu lililoachwa wazi huonyesha kipande cha bati kisicho na ukungu katikati ya ukungu.

Hatua ya saba huonekana ndogo. Ukungu hufuta chenga za asili za picha, zile nukta ndogo ambazo kila kamera huzitoa, na matokeo yake ni mandhari laini kama plastiki iliyo nyuma ya mtu mwenye chenga. Kwa tabaka la "mbali" na la "kati", nenda "Filters", "Noise", "RGB Noise", uondoe alama kwenye "Independent RGB" ili chenga zisiwe na rangi, na uweke kiasi kidogo kabisa, ukilinganisha na chenga zilizo kwenye shati la fundi.

Mwanga chini ya mkorosho

"Gaussian" ina udhaifu mmoja: hugeuza nukta kali ya mwanga kuwa doa hafifu la kijivu. Lenzi ya kweli haifanyi hivyo. Huigeuza kuwa duara angavu lenye ukingo unaoonekana. Tofauti hiyo hudhihirika unapopiga picha chini ya mikorosho, ambapo jua hupenya kati ya majani na kuacha mamia ya vidoa vyeupe nyuma ya mhusika. Kwa picha ya namna hiyo badilisha kichujio: badala ya "Gaussian Blur" tumia "Lens Blur" katika menyu ileile. Kipimo cha "Radius" huamua ukubwa wa maduara, na vile vya "Highlight" huamua ni mwanga wa kiwango gani ugeuzwe kuwa duara na uongezwe nguvu kiasi gani. Anza na "Highlight factor" ikiwa sifuri, uongeze hadi maduara yaanze kuonekana, kisha urudishe nyuma kidogo. Msimu wa kuvuna korosho, kuanzia Oktoba, wapiga picha wengi huenda mashambani, na picha zilizojaa maduara makubwa kuliko kichwa cha mtu zimekuwa za kuchosha. Kichujio hiki ni kizito kwa kompyuta. Kijaribu kwenye nakala ndogo ya picha kwanza.

Ukungu wa mwendo

Hapa ukungu haufuati umbali bali njia ya kitu. Mpiga picha anayeifuata bodaboda kwa kamera katika barabara ya Mtwara kuelekea Mikindani hupata dereva aliye wazi na mandhari iliyovutika kwa mlalo. Kuuiga mwendo huo, mtenge dereva na pikipiki kama tulivyomtenga fundi, mfute kwenye tabaka la nyuma, kisha tumia "Linear Motion Blur". "Angle" lazima ilingane na barabara, siyo na ukingo wa picha: chukua kifaa cha kupimia, "Measure", uvute mstari juu ya ukingo wa lami, na usome nyuzi zitakazoonyeshwa. "Length" ya 60 hadi 100 inatosha kwa mwendo wa mjini.

Magurudumu yana mwendo wao wenyewe. Pikipiki iliyo katika kasi huku spoku zake zikihesabika ni pikipiki iliyoegeshwa. Chagua kila gurudumu kwa duara, tumia "Circular Motion Blur", na uweke kitovu chake kwenye ekseli. Kuhusu jahazi na mashua, ushauri wangu ni kuviacha. Chombo cha tanga hakikimbii kiasi cha kuivuta pwani nzima iwe mistari, na anayekifahamu atacheka.

Mji kama kichezeo

Kuna ukungu unaoifanya picha ya mji ionekane kama mfano mdogo uliopangwa mezani: mkanda mwembamba wa picha hubaki wazi, na juu na chini yake hufifia sana. Udanganyifu huo hufaulu kwa sababu macho yetu yamezoea kuona fokasi nyembamba kiasi hicho kwenye vitu vidogo vilivyopigwa picha kwa karibu. Picha lazima iwe imepigwa kutoka juu. Kilima lilipo Boma la Mikindani, ngome ya Wajerumani ya mwaka 1895, kinaangalia paa za mji na ghuba, na hufaa sana. Nakili tabaka, litie "Gaussian" ya 25, liwekee maski nyeupe, chagua "Gradient" yenye umbo la "Bi-linear", na kwenye maski uvute mstari mfupi wa wima kutoka katikati ya mkanda unaotaka ubaki wazi, ukianza na nyeusi. Kisha ongeza kidogo ukolevu wa rangi, kwa kuwa vitu vya kuchezea huwa na rangi kali. Mandhari inayoonekana kutoka Shimo la Mungu, Newala, kwa upande wake haifai kwa mchezo huu: bonde la Ruvuma liko mbali mno, hakuna nyumba wala watu wa kugeuzwa wadogo, na kinachobaki ni picha mbaya ya mahali pazuri.

Kuficha nyuso na namba

Ukungu pia ni kifaa cha stara, na katika mikoa yetu haja yake ni kubwa. Picha za sherehe za jando na unyago husambazwa kwa simu zikiwa na nyuso za watoto ambao hakuna aliyewauliza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihusu taarifa zinazomtambulisha mtu, na uso ni mojawapo. Kwa uso, chagua duara linalozidi kichwa chote pamoja na masikio, halafu tumia "Pixelize", iliyo katika menyu hiyohiyo ya ukungu, na vipande vikubwa kiasi kwamba uso mzima uwe na vipande visivyozidi sita kwa upana. Ukungu hafifu unaoacha macho na mdomo vikitambulika haujamficha mtu. Mama yake atamjua, na jirani pia. Kumbuka kwamba nguo, kovu na mahali vinaweza kumtambulisha hata uso ukiwa haupo.

Kwa namba za simu, za kitambulisho au za akaunti, kwa mfano kwenye picha ya stakabadhi ya mauzo ya korosho, usitumie ukungu wala vipande. Maandishi yana herufi na tarakimu chache zinazojulikana, na kuna programu zinazojaribu kila tarakimu, kuitia ukungu uleule, na kulinganisha hadi zipate inayofanana. Paka mstatili mweusi usiopenyesha. Baada ya hapo usimtumie mtu faili la XCF, yaani faili la kazi la GIMP linalotunza matabaka yote, kwa kuwa tabaka la "asili" bado limo ndani yake likiwa kamili.

Kwa mwenye simu peke yake

Snapseed, programu ya simu ya kuhariri picha, ina kifaa cha "Lens Blur" kinachotoa ukungu wa duara au wa mstari, pamoja na vipimo vitatu: nguvu ya ukungu, upana wa mpito, na giza la pembeni. Liweke duara juu ya mhusika, ulinyooshe kwa vidole viwili lifuate mwili wake, ongeza mpito hadi karibu mwisho, na ushushe giza la pembeni hadi sifuri. Kifaa hicho hakijui umbali, kwa hiyo kitafifisha kiwiko kilichotoka nje ya duara na kukiacha wazi kipande cha ukuta kilichomo ndani. Kinafaa kwa picha ambazo mhusika yuko katikati na nyuma yake pametulia; picha ya fundi wetu kingeiharibu.

Kuhifadhi

Hifadhi kazi kwa Ctrl+S katika XCF ili matabaka na maski vibaki, halafu toa nakala ya JPEG kwa Shift+Ctrl+E, ubora ukiwa 90 au zaidi, kwa sababu ubora wa chini hurudisha ile mistari ya ngazi kwenye anga uliyoikwepa mwanzoni. Ondoa alama kwenye sehemu ya kuhifadhi taarifa za EXIF kama picha ilipigwa nyumbani kwa mtu, kwani simu huweza kuandika humo mahali picha ilipopigwa. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 huchapwa vizuri hadi sentimita 34 kwa 25 kwa msongamano wa nukta 300 kwa inchi. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama hati, "Document", siyo kama picha. Ikitumwa kama picha hupunguzwa ukubwa na kubanwa, na mteja atapokea ukungu ambao wewe hukuutia.